Mirunda Sita Yenye Udongo

Bimu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Hilaria tangu asubuhi, maana bimu mbovu ingemrahisishia kazi.

Alikuwa amesimama ndani ya duka la Abdulnasir, nyuma ya soko la Sumbawanga, mikono mifukoni mwa koti, akimtazama mhandisi Yonas akigonga vipande vya zege kwa nyundo. Juu yao paa lilikuwa limefunguka, na upepo wa Ufipa, ambao ukifika mwezi wa Mei hauna adabu, uliingia na kutoka ulivyotaka.

"Sikiliza hii," Yonas alisema, akagonga tena. Nyundo ikalia kwa ukali. "Zege bovu halilii hivi. Linapiga kimya, kama umegonga gunia la unga."

"Saruji?"

"Imo ya kutosha. Kokoto safi, mchanga umeoshwa."

"Nondo?"

"Unene ni ule unaotakiwa. Ringi za kufungia nondo zimekaa karibu karibu. Kusema kweli, afande, wapo watu wazito hapa mjini ambao nyumba zao hazina bimu kama hii."

"Na nguzo?"

Yonas alinyoosha kidole tu. Nguzo mbili za zege zilikuwa bado zimesimama, moja huku, moja kule, zimenyooka, hazina hata mkwaruzo. Hazikubeba chochote sasa zaidi ya upepo.

"Basi aliyemuua Uledi ni nani?"

"Mimi ni mhandisi, mama. Kwa hilo ungeita mganga."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, ila mji ulikuwa umeshakirefusha. Duka lile lilikuwa vyumba viwili vya zamani, vimetenganishwa na ukuta mnene wa tofali za kuchoma aliouacha babu yake Abdulnasir. Ukuta ule haukuwa pambo; ndio uliobeba paa lote. Abdulnasir alitaka duka moja pana, mteja akiingia aone vitenge na majembe kwa pamoja. Akamleta fundi Teodori kutoka Ilemba. Teodori akaushikiza ukuta kwa mirunda, miti minyoofu ya mkaratusi, akaukata sehemu ya chini, akasimamisha nguzo mbili, akamwaga bimu ya zege kutoka nguzo hii hadi ile, ili ibebe kile ambacho ukuta ulikuwa unabeba. Kisha akaiacha bimu ikauke juu ya mirunda yake, akaondoka, akarudi baada ya wiki nne. Siku aliyotoa mirunda, bimu ilikatika katikati, na tofali zote zilizobaki juu yake zikamwangukia Uledi, mdogo wake Abdulnasir, tumbo moja.

Uledi alizikwa siku iliyofuata. Teodori alilala mahabusu usiku wa siku ya ajali, na bado alikuwa huko. Jumatatu angepelekwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, na leo ilikuwa Jumamosi. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshamwambia Hilaria kwamba jalada halihitaji falsafa. Fundi kaiba saruji, bimu imeanguka, mtu kafa, peleka.

Wahenga wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huku sokoni lilikuwa limekuja lote. Kuna waliosema Teodori aliuza nusu ya saruji. Kuna waliosema alibadilisha nondo. Mama mmoja muuza dagaa aliapa kwamba fundi na marehemu waligombana hadharani, na kwamba fundi alisema "utanikumbuka." Hilaria aliandika yote, maana ndiyo kazi, lakini sasa saruji ilikuwepo na nondo zilikuwepo.

Alichuchumaa penye kipande kikubwa, kile kilichokuwa katikati ya bimu, akakigeuza kwa mikono miwili. Pale kilipokatika palikuwa na rangi mbili. Upande wa juu ulikuwa wa kijivu kibichi. Upande wa chini ulikuwa na ukoko mweupe, kama ule unaobaki ndani ya birika la zamani.

"Hii ni plasta?"

Yonas alivaa miwani. Akakwaruza kwa ukucha, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Siyo plasta. Hiyo ni chokaa iliyomo ndani ya saruji yenyewe. Maji yakipita kwenye ufa yanaitoa nje, yakikauka inabaki pale. Leo kidogo, kesho kidogo."

"Haitokei siku moja?"

"Haitokei."

"Na maji ya kupita kwenye ufa yalitoka wapi, ikiwa paa lilikuwa zima?"

Zege changa humwagiliwa maji kila siku lisije likakauka upesi likapasuka. Hilo hata Hilaria alilijua, alishajenga jiko. Baada ya wiki mbili hivi watu huacha.

"Kwa hiyo," Hilaria alisema taratibu, "huu ufa ulikuwepo wakati bado wanamwagilia. Haukutokea siku Uledi alipokufa."

"Subiri." Yonas sasa alikuwa amepiga magoti, suruali na vumbi hajali. Alishika nondo iliyochomoza kwenye kipande, akapitisha kidole juu yake. "Nondo ikishikana na zege, ukivunja inatoka na nyama yake. Hii imetoka uchi. Unaona? Iliteleza ndani ya zege bichi. Bimu hii ilipinda ikiwa changa kabisa, ikapasuka kwa chini, nondo zikaachia. Halafu ikakauka hivyo hivyo na ugonjwa wake ndani."

"Lakini chini yake kulikuwa na mirunda. Itapindaje kitu kilichoshikiliwa?"

"Haiwezekani kupinda."

"Na imepinda."

"Imepinda," Yonas alikiri, na akaonekana kama mtu aliyekuta ng'ombe wake darini.

Hilaria alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu apewe jalada lile. Alipenda kitu kinachokataa kueleweka. Kinachoeleweka upesi mno, kwa uzoefu wake, kuna mtu kakipanga.

*

Fundi Teodori alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye viganja vilivyopasuka kwa saruji. Alisimama Hilaria alipoingia chumba cha mahojiano, akabaki amesimama mpaka alipoambiwa mara ya pili akae.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, afande."

"Uligombana na Uledi?"

"Niligombana naye."

"Kuhusu nini?"

"Alimwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye mchanga wangu. Mchanga ukiingia sabuni, zege halishiki. Nikamwambia utanikumbuka nikisharudi Ilemba, utapata fundi wa kukuchekea. Jioni tulikula pamoja."

Sajini Maximilian, aliyekaa pembeni na kalamu, aliguna. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na alikuwa ameshasikia vitisho vingi vilivyoishia kwenye sahani moja ya ugali.

"Nieleze siku ile," Hilaria alisema.

"Niliikuta mirunda yote kumi mahali pake. Nikaanza kulegeza kabari kutoka katikati kwenda pembeni, ndivyo inavyofanywa. Uledi ananipokea mbao. Nilipotoa ubao wa chini, nikaona mstari mweupe chini ya bimu. Huku mpaka huku." Alipitisha kidole mezani. "Sikuwahi kuuona mstari kama ule. Nikamwambia Uledi, toka. Badala ya kutoka akageuka kuniangalia. Angekimbia bila kuniangalia angekuwa hai."

"Mstari huu uliueleza siku uliyokamatwa?"

"Niliueleza. Yule aliyeandika alisema nisilete hadithi."

Sajini Maximilian alijifanya kukagua kalamu yake.

"Wiki nne hizo ulikuwa wapi?"

"Kwetu Ilemba, navuna. Bimu haina haja na fundi ikiwa inakauka, ina haja na maji. Nilimwachia Uledi kumwagilia. Na bosi nilimwambia, na Uledi nilimwambia, mirunda msiiguse, hata kama bimu inaonekana imekauka, hata aje padri aiombe."

"Uliporudi uliikuta kama ulivyoiacha?"

"Kama nilivyoiacha."

"Kabisa?"

Teodori alikutanisha vidole viwili mezani, kama anayeshika kabari.

"Kuna jambo dogo tu. Chini ya kila mrunda kuna kabari, ile ya kukazia. Mimi kabari zangu huwa nazipiga kutokea upande wa dirisha, zote. Ni mazoea. Niliporudi nilikuta nyingine zimepigwa kutokea upande wa mlango. Nikasema, Teodori, unazeeka, umejisahau."

"Zipi zilikuwa hivyo?"

"Za katikati."

"Na hili kwa nini hukulisema?"

"Wameniuliza saruji, afande. Nimejibu saruji. Hakuna aliyeniuliza kabari." Alivisugua viganja vyake. "Mimi mwenyewe nalala nawaza nilikosea wapi. Nimejenga miaka thelathini. Kama nimemuua yule kijana, nifungwe. Ila niambieni nilikosea wapi."

Hilaria alikwenda kuitazama mirunda.

*

Mirunda ilikuwa imelazwa nyuma ya duka, kwenye ua uliosakafiwa, kumi kamili. Polisi walifika pale wiki nzima, wakaikalia, wakapigia soga juu yake, na mmoja alikuwa ameanika soksi. Hakuna aliyeitazama, kwa sababu mirunda haikuwa imevunja sheria yoyote.

"Tunatafuta nini?" Sajini aliuliza. Ilikuwa imefika saa ya chakula, na hakupenda kutafuta kitu saa ya chakula.

"Sijui. Igeuze mmoja mmoja."

Waliigeuza. Minne ya kwanza ilikuwa na matone ya zege upande wa juu, na upande wa chini ilikuwa safi, imechubuka kidogo pale kabari zilipobana. Wa tano ulikuwa na matone ya zege juu vilevile. Lakini chini ulikuwa na udongo mwekundu, umekaukia, umepanda mpaka urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Wa sita pia. Na wa saba. Walipomaliza, mirunda sita ilikuwa na udongo, na minne haikuwa nao.

"Sajini, mle dukani chini kuna nini?"

"Sakafu ya saruji."

"Na hapa uani?"

Sajini alipiga mguu chini. "Sakafu."

"Basi mrunda unaosimama juu ya sakafu unaupata wapi udongo wa kufika huku?"

"Ulichimbiwa ardhini," Sajini alisema, akasahau njaa.

Hilaria alikuwa ameshahamia upande wa juu wa mirunda ile. Kwenye magome, chini kidogo ya matone ya zege, palikuwa na alama ya kamba iliyokaza, na nyuzi mbili tatu za nailoni ya buluu zilizonasa. Alizitoa kwa kibano cha nyusi alichokuwa nacho mkobani, akazitia kwenye bahasha. Sajini aliinama kuona vizuri, akajishika kwenye mrunda wa mwisho, kisha akauachia haraka na kuukazia macho. Msumari uliopinda ulichomoza pembeni yake, pale ambapo mrunda ukisimama ni usawa wa bega la mtu mrefu.

"Huyu namfahamu," alisema.

"Msumari?"

"Huyu huyu ndiye aliyenichania koti. Koti la suti, afande, la harusi ya binti yangu. Nilinyanyuka kwenda kupokea kikombe cha chai nikasikia mkwaruuu. Mke wangu mpaka leo hajanisamehe."

"Ulikuwa wapi?"

"Msibani kwa mwalimu Basil, hapo mtaa wa pili. Mwezi uliopita, ile mvua ya mwisho."

Hilaria alimwacha aendelee. Sajini Maximilian alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya parokia mtaani kwao, na hakuwahi kukosa msiba hata mmoja. Wenzake kituoni walimtania kwamba marehemu wote wa Sumbawanga walimfahamu.

"Mvua ilikuwa inanyesha, maiti imeshaletwa, watu wamejaa. Turubai la jumuiya likaja halina nguzo. Nguzo zake zilikuwa zimeishia jikoni, msiba wa kabla ya huo, watu walipikia maharage. Unajua huku kwetu juu mti haukai bure. Basi tumesimama na turubai mikononi kama wajinga, mara nikaona mirunda inakuja imebebwa. Mizuri, imenyooka. Tukachimba, tukafunga, watu wakakaa."

"Nani aliibeba?"

"Mimi nilikuwa nashughulika na jeneza, sikuangalia." Alikuna kidevu. "Lakini Mama Kalista atajua. Ndiye mjane."

*

Mama Kalista alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, akipepeta ulezi. Alikataa kuzungumza nao kabla hawajakaa na kabla hawajaletewa togwa. Sajini hakubishana na hilo.

"Pole na msiba, mama," Hilaria alisema.

"Tumeshapoa, mwanangu. Mungu ndiye aliyepanga."

"Tumesikia siku ile mvua iliwakuta bila nguzo za turubai."

"Ilitukuta." Ungo ukasimama. "Yule Abdulnasir ni mtoto wa watu. Hatusali pamoja, lakini siku ile alikuwa wa kwanza kuja. Alileta mchele, akaleta gari la kwenda makaburini. Alipoona turubai liko chini akaondoka na mdogo wake, marehemu Uledi, wakarudi na miti mabegani, maji yanawachuruzika. Sita. Nilimwambia binti yetu Hilda awape mashuka wajifute."

"Ilitoka wapi hiyo miti?"

"Sikuuliza. Mwenye msiba haulizi." Aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani imepotea? Waliirudisha baada ya mazishi, wote wawili niliwaona."

"Haijapotea, mama."

"Na yeye sasa amefiwa. Nakwenda kila siku kukaa na Bi Mwasiti, mama yao. Nitawalipa nini watu wale?"

Hilaria alimaliza togwa yake yote. Alijua njia inakoelekea, na hakuifurahia. Nje Sajini alisimama kwenye kona.

"Afande," alisema. "Mimi nilikaa chini ya turubai lile siku mbili."

"Mlikaa wengi, Sajini. Twende."

*

Sebule ya Abdulnasir ilikuwa imetandikwa mikeka, wageni wa asubuhi wameondoka, wa jioni hawajaja. Mama yake, Bi Mwasiti, alikuwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi, hasemi. Hilaria alimwamkia, akaitikia "marahaba mwanangu" kwa sauti ndogo, akarudi kwenye tasbihi yake. Abdulnasir alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na mitano, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mmekuja kuniambia Jumatatu ni saa ngapi?" aliuliza. "Nataka niwepo. Nataka nimwone usoni akisomewa."

"Nimekuja kuuliza jambo moja. Mwalimu Basil alipofariki, uliwasaidia."

"Jirani yule. Ulitaka nifanyeje? Tenda wema nenda zako, sisi tumelelewa hivyo."

"Uliwasaidia kwa kitu gani?"

"Mchele. Sukari. Gari." Alifikiri. "Na mirunda ya kusimamishia turubai."

"Mirunda hiyo uliitoa wapi?"

"Dukani."

Alilisema bila kusita hata kidogo. Kalamu ya Sajini ilisimama juu ya karatasi. Hilaria, ambaye alikuwa amejiandaa kwa uongo, alihitaji muda kidogo kujipanga upya.

"Chini ya bimu."

"Ndiyo. Nilitoa sita ya katikati, maana ndiyo iliyochomoka kirahisi. Ya pembeni niliiacha. Mvua inanyesha, afande, maiti iko ndani, wazee wa watu wanalowa. Mimi nina miti imesimama tu dukani inatazamana. Tulipotoka kuzika, siku ya pili, niliirudisha yote. Nilishika nyundo mwenyewe nikapiga kabari mpaka zikakaza. Hata mmoja haukupotea. Mwulize Mama Kalista."

Aliongea kama mtu aliyerudisha sufuria ya jirani ikiwa imesuguliwa. Hilaria alitoa kipande cha zege kutoka mkobani, akakiweka juu ya gazeti mbele yake, ule upande wenye rangi mbili ukiwa juu.

"Bimu ilikuwa na siku ngapi ulipotoa mirunda?"

"Tano. Sita. Ilikuwa ngumu, niliigonga kwa mkono."

"Ngumu kwa nje. Abdulnasir, nisikilize. Fundi aliondoa ukuta uliobeba paa lako. Mzigo ule siku hizo haukuwa juu ya bimu, ulikuwa juu ya mirunda. Bimu ilikuwa bado haijapata nguvu. Ulipotoa ya katikati ilipinda, kidogo tu, jicho halioni. Ikapasuka kwa chini, juu ya ubao, ambako hakuna mtu wa kuchungulia. Uledi akaendelea kumwagilia, maji yakapita kwenye ufa, yakaacha huu weupe. Ya pembeni ndiyo iliyozuia isianguke siku ile ile. Uliporudisha mirunda uliirudisha chini ya bimu iliyokwisha kuvunjika. Ikakaa hapo wiki zilizobaki, inashikiliwa. Fundi alipotoa mirunda kwa wakati wake, hakukuwa na bimu tena."

Abdulnasir alikitazama kipande kile.

"Lakini niliirudisha."

"Uliirudisha."

"Yote."

"Yote."

Nje bodaboda ilipita, ikapiga honi. Sajini alikuwa ameweka kalamu chini.

"Fundi alikwambia nini kabla ya kwenda Ilemba?" Hilaria aliuliza.

"Nisiiguse."

"Na aliporudi ulimwambia kwamba uliitoa?"

"Nimwambie nini, na mirunda ipo pale pale? Ningekuwa nimeichoma, ningemwambia. Ningenunua mingine. Sikuwaza, afande. Wallahi sikuwaza hata kidogo."

Hilaria alimwamini. Alitamani asimwamini, ingekuwa rahisi kwao wote. Alikuwa anatafuta neno la kufuata pale sauti ilipotoka ukutani.

"Uledi alikuwepo mlipoitoa?"

Bi Mwasiti hakuwa amesogea. Tasbihi tu ndiyo iliyokuwa imesimama.

"Alikuwepo, mama."

"Alisemaje?"

Abdulnasir aliinamisha kichwa.

"Mwanangu, nakuuliza. Mdogo wako alisemaje?"

"Alisema fundi kakataza."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hana utu. Nikamwambia jirani amefiwa, wewe unanihesabia miti." Alishika ukingo wa mkeka. "Basi akanyamaza. Akaja akashika upande wa pili."

Kisha akalia, mtu mzima yule, kwa sauti, paji la uso limegusa mkeka. Hilaria hakugeuza uso. Bi Mwasiti alimwacha alie. Hakumkemea wala hakumgusa. Alingoja mpaka kilio kikapungua, naye akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Wiki nzima unaomba fundi wa watu afungwe," alisema.

"Sikujua, mama."

"Hukujua. Sasa umejua." Aliianza tena tasbihi yake. "Vaa viatu."

Walikwenda kituoni kwa miguu, kwa sababu Abdulnasir hakutaka gari. Njiani watu walimpa pole ya msiba, naye akawa anaitikia kwa kichwa. Alimwuliza Hilaria jambo moja tu, kama Mama Kalista atalazimika kulisikia hili. Hilaria alimwambia kwamba jalada likifika mahakamani husomwa kwa sauti, na kwamba atakayeamua kinachofuata si yeye. Abdulnasir akasema, basi Bi Mwasiti atamwambia, asilisikie kwa watu.

Kituoni Teodori aliletwa kaunta. Alipomwona aliyesimama upande wa pili alirudi nyuma hatua moja, kisha akalivuta shati lake likae sawa, akanyoosha mikono yote miwili kama inavyostahili.

"Bosi, pole sana na msiba," alisema. "Sikuja kuzika. Nilikuwa humu."

Abdulnasir aliitazama mikono ile ikiwa imenyooshwa na hakuweza kuipokea. Alimgeukia Sajini Maximilian, akashika ukingo wa kaunta.

"Andika," alisema. "Anza na Uledi. Andika kwamba alinikataza."